Sauti ya babu na hadidiski mbili

 Najua nimepotea, kuna watu wamenitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, nipo hapa hapa Mkwawa, ni testi na asainmenti tu zimenibana, halafu kuna jambo la nyumbani ambalo nimekuwa nasita kuliandika. Leo ni Jumapili, rumeti wangu kaenda kanisani, hosteli kimya, acha niliandike lote liishe.

Jambo lenyewe ni hadidiski. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Kwetu ni Mpui. Kwa wasiopajua, ukitoka Tunduma kwenda Sumbawanga unapita Laela, halafu ndiyo unakuja kwetu kabla hujafika mjini. Ni kule juu uwandani Ufipa, mahindi na maharage mpaka macho yachoke, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo Iringa ikasome. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo steshenari ya baba: kompyuta mbili za mezani, printa, mashine ya fotokopi, kamera ya picha za pasipoti. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, ana laptopu yake ya zamani. Mdogo wangu wa kidato cha tatu anatumia kompyuta yoyote ambayo haina mtu.

Likizo ndefu ya mwaka wa pili nilirudi nyumbani najiona mtaalamu. Si unajua ukishasoma kozi moja ya kompyuta kwa walimu unaona umemaliza kila kitu. Nikanunua ruta, nikaunganisha mashine zote tatu, nikatengeneza folda moja kwenye kompyuta kubwa ya dukani ambayo kila mtu anaifikia. Nikawaambia wote nyumbani: kuanzia leo kila kitu wekeni humu, msihangaike na flashi, humu ndiyo salama. Baba akafurahi sana, akawa anawaonyesha wateja: "Mwanangu huyu kaleta seva."

Watu wakanisikiliza. Mitihani ya shule ambazo baba anazichapia ikaingia humo. Picha za harusi ya dada zikaingia humo. Na mimi nikaweka sauti ya babu.

Babu likizo ile alikuwa hajisikii vizuri lakini maneno alikuwa nayo. Jioni tukikaa jikoni kuota moto namwashia simu, anaongea Kifipa chake kile cha zamani ambacho mimi nakielewa nusu. Alieleza jinsi walivyokuwa wanaposa, jinsi walivyokuwa wanalima matuta ya duara yale tunayoita ntumba, nyasi zinafukiwa chini zioze ndiyo mbolea. Jumla kama saa tatu hivi, vipande kumi na kitu. Simu ikajaa, nikahamishia kwenye ile folda, nikafuta kwenye simu. Nilifuta mwenyewe, kwa kidole changu, nikiamini kuna nakala "kwenye seva".

Babu alifariki mwezi wa kumi na moja. Nilikwenda kuzika, nikarudi chuo. Mwezi wa kwanza mvua zikapamba moto, na wanaotoka Rukwa wanajua radi za kule haziendi na utani. Siku moja jioni baba akanipigia: "Mwanangu, ile kompyuta kubwa inagonga." Nikamwambia ainamishe simu nisikie. Kak, kak, kak, kimya. Kak, kak, kak. Radi ilikuwa imepiga, umeme ukakatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi, na kompyuta ilikuwa inawaka muda wote bila UPS. UPS nilisema tutanunua baadaye.

Kwa wasiojua huo mlio ni wa nini: ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka, hizi za kawaida mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea kwenye hewa bila kugusa. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo kiasi kwamba unene wa unywele mmoja unaizidi zaidi ya mara elfu kumi. Mlio ule ni kichwa kinatafuta njia, hakioni, kinarudi kuanza upya. Baba alipeleka kwa fundi mjini, fundi akasema hiyo ni ya kufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi kabisa, labda Dar, gharama kubwa na hakuna uhakika. Alisema kweli, simlaumu. Wa kulaumiwa ni mimi. Nilichotengeneza hakikuwa hifadhi, nilichukua vitu vya watu waliokuwa wamevitawanya kwenye flashi na simu zao, nikavikusanya sehemu moja ili vife pamoja.

Na kinachoniuma zaidi ni hesabu. Sauti ya mp3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, inakula kama MB 1 kwa dakika. Saa tatu za babu ni MB 170 na kitu. Zingeingia kwenye flashi ya GB 1, zile ambazo sasa hivi watu wanaziona takataka. Enzi za hadidiski ya kwanza kabisa, ile IBM 350 ya mwaka 1956 yenye sahani 50, ningekuwa na kisingizio, maana ilibeba herufi milioni 5 tu, babu asingemaliza hata dakika nne. Zama hizi sina kisingizio.

Basi, nikasema lazima nirekebishe. Boom lilipotoka nikatenga sehemu, baba akauza maharage akaongeza, tukawa na laki nne. Kazi ikawa ninunue nini. Hapa ndipo nataka wadau mnisikilize, hasa nyie wenye risachi za mwaka wa tatu kwenye laptopu moja iliyokatika bawaba.

Kwanza nilimwambia baba na mama wahesabu tuna nini, maana nilikuwa nimeshaanza kuota matera manne. Kilichobaki kwenye mashine nyingine, pamoja na tulivyovipata upya kwa ndugu na wateja, hakikufika GB 250. Kwa hiyo TB 1 inatosha na inabaki. (Ukiichomeka kompyuta itakuandikia 931, usirudi dukani kugombana. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, hujaibiwa.)

Halafu nikaanza kupitia moja moja.

Flashi na memori kadi niliziweka pembeni. Ni nzuri kubebea, siyo kutunzia, na nyumbani kwetu flashi zinapotea kama viberiti. Mdogo wangu akanitumia picha ya SSD ya "TB 16" inauzwa mtandaoni bei ya chipsi kuku kwa wiki mbili. Wadau, huo ni utapeli unaojulikana. Ukifungua kasha unakuta memori kadi ndogo imegundishwa ndani, imedanganywa iseme ni kubwa. Unaweka vitu, inakubali, ikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani kimya kimya. Ukinunua kifaa chochote cha kuhifadhi kijaribu kwanza kabla hujakiamini. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, ya jarida la Kijerumani la c't, inajaza kifaa chote kisha inasoma tena kuona kama vilivyoingia ndivyo vinavyotoka.

SSD ya kweli nayo niliifikiria. Haina kitu kinachozunguka, ukiiangusha inavumilia, ina kasi. Lakini kwa TB moja bei iko juu, na ningepata moja tu. Tena SSD ikiachwa kabatini muda mrefu sana bila kuwashwa inaweza kuanza kupoteza kumbukumbu, hasa ikiwa imeshachakaa. Mimi nilitaka kitu kitakachokaa kabatini.

Kilichonivutia kuliko vyote ni NAS. Hicho ni kikasha chenye hadidiski mbili ndani, unakichomeka kwenye ruta, mashine zote zinakiona, na kila kinachoandikwa kinaingia kwenye diski zote mbili. Wanaita RAID 1. Nikasema hii ndiyo yenyewe, diski moja ikifa nyingine ipo. Bahati nikamwonyesha kaka mmoja wa mwaka wa tatu anayekaa chumba cha jirani, yeye ndiye hutengenezea watu kompyuta hapa hosteli. Akaniuliza maswali matatu. Mdogo wako akifuta folda kwa bahati mbaya, kwenye diski ya pili itabaki? Haitabaki, inafutwa zote kwa wakati mmoja. Virusi wakiingia? Wanaingia zote. Radi ikipiga kikasha? Nikanyamaza. RAID inakulinda diski ikifa, basi. Kazi haisimami, na ofisini hiyo ni muhimu. Ila nakala ya akiba ni kitu kingine. Na bei ya kikasha kitupu, kabla ya kuweka diski, ilikuwa inamaliza hela yetu.

Mtandaoni je? Google wanakupa GB 15 bure, na nimezitumia, nitasema kwa kitu gani. Lakini GB 250 zote kwa intaneti ya Mpui, tuseme kupandisha megabiti 2 kwa sekunde bila kukatika, ni siku kumi na moja na nusu usiku na mchana. Bando lake nani analipa?

Zikabaki hadidiski za nje. Hapo nako kuna mbili. Kuna zile kubwa za inchi 3.5 na ndogo za inchi 2.5. Kubwa zinakupa nafasi nyingi kwa bei nafuu, lakini zina adapta yake ya umeme. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski inazima hapo hapo, hata kama unatumia laptopu yenye chaji. Ndogo zinakula umeme kwenye waya ule ule wa USB. Kwa nyumba kama yetu hilo peke yake lilimaliza ubishi. Nyingi kati ya ndogo hizi zinaandika kwa mtindo wa SMR, yaani mistari inalaliana kama vigae vya paa, kwa hiyo ukirudia rudia kuandika zinakuwa nzito. Kwenye NAS hilo ni tatizo, mwaka 2020 Western Digital walilalamikiwa sana kwa kutumia mtindo huo kwenye baadhi ya diski zao za Red bila kusema wazi. Kwa kunakili mara moja kwa wiki hutaona tofauti.

Kuna mdau atauliza kuhusu mwinuko, maana hata mimi niliuliza. Kichwa kinaelea kwenye hewa, na juu hewa ni nyepesi. Kwenye karatasi za hadidiski za kawaida kikomo cha kufanyia kazi ni kama mita 3,000. Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800. Tuko salama.

Sasa chapa gani? Nilihangaika na hili siku tatu halafu nikaacha. Watengenezaji wa hadidiski waliobaki duniani ni watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, majina mengine ni makasha. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza vitu vya watu kwenye maelfu kwa maelfu ya diski, inatoa takwimu zake, na kwa kawaida zinazokufa ni kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka kwa ujumla. Hizo ni diski za seva, zinakaa sehemu ya baridi hazibebwi kwenye basi. Hata hivyo kila diski ina siku yake, hujui ni lini. Ndiyo nikaacha kutafuta diski isiyokufa, nikatafuta jinsi ya kupanga ili ikifa mtu asilie.

Na jibu nilikuwa nimeshalipata nyumbani, ila sikulitambua. Kwenye msiba, shangazi yangu anayekaa Mpanda alikuwa ananiambia kuna kipande nilimtumia WhatsApp wakati ule wa likizo, aliomba amsikie baba yake. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwezi wa pili nikampigia nikamuuliza: "Shikamoo shangazi, ile sauti ya babu bado unayo?" Akasema, "Marahaba. Ipo, huwa naisikiliza nikiwa napika." Dakika kumi na moja. Katika saa tatu, hizo ndizo zilizobaki, na zimebaki kwa sababu moja tu: zilikuwa Mpanda, siyo Mpui. Zilikuwa kwenye simu iliyopasuka kioo ya mama wa makamo asiyejua seva ni nini.

Baadaye nikakutana na kanuni ambayo watu wa picha wanaitumia, aliieneza mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Nilipoisoma nikamkumbuka shangazi.

Kwa hiyo nilinunua mbili. Hadidiski ndogo mbili za TB 1, chapa tofauti, zikala laki tatu na kitu, nikabakiza kidogo. Badala ya moja nzuri, mbili za kawaida. Nilizijaribu hapa hosteli usiku kucha, nikazifunga kwenye vitenge vya mama, nikapanda nazo basi, Mbeya, Tunduma, Laela, nimezipakata kama mtoto. Diski ikiwa imezimwa kichwa kinakuwa kimeegeshwa pembeni, haiumii kirahisi, lakini roho ilikuwa juu kila tuta.

Utaratibu wetu sasa uko hivi. Moja ina utepe mwekundu, nyingine wa kijani. Moja inakaa Mpui kabatini. Jumamosi jioni duka likifungwa baba anaichomeka, anabofya mara mbili kitufe nilichokiandika NAKILI, akimaliza anaichomoa. Kuichomoa ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Diski isiyochomekwa radi haiipati kupitia waya, na virusi wa kudai fidia kama WannaCry wa Mei 2017 hawawezi kufunga kisichounganishwa. Nyingine inakaa Sumbawanga mjini kwa baba mdogo. Kila mwezi baba akienda kununua rimu na wino anapeleka moja anarudi na nyingine. Nauli ni ile ile, maana safari ilikuwepo. Na vile vidogo visivyopatikana tena, vyeti vyetu, picha chache, na dakika kumi na moja za babu, viko pia kwenye zile GB 15 za bure.

Kitu kimoja tuliamua kutotunza. Kulikuwa na maelfu ya skani za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya wateja, zimerundikana tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria, mimi nisingependa kitambulisho changu kisafiri na daladala kila mwezi. Mteja akishachukua kazi yake, inafutwa. Diski zenyewe nimezifunga kwa nenosiri, baba kaliandika mahali anapopajua yeye na mama.

Kabla sijaondoka nilifanya jaribio. Nilimwambia mama, chukulia laptopu yako imekufa leo, tutafute maazimio yako ya kazi kwenye diski nyekundu. Tukatafuta. Hayapo. Kitufe changu kilikuwa kinanakili ile folda ya dukani tu, laptopu ya mama hakijaigusa. Mama hakusema kitu, aliniangalia tu, na ule mtazamo kila mtoto wa mwalimu anaujua. Nilirekebisha usiku ule ule, tukarudia asubuhi, yakapatikana. Mngejua nilivyotetemeka. Ningekuwa nimemharibia mara ya pili.

Wiki iliyopita baba kanipigia, siyo kwa shida, kuniambia tu kwamba kabadilisha, ya kijani imerudi, nyekundu imeenda. Kanisimulia kama mtu anayesimulia ng'ombe. Hapo ndipo nilipoamini kwamba tulichagua vizuri, maana mimi niko Iringa na mambo yanakwenda. Ile NAS ingekuwa inanisubiri mimi nirudi kila ikigoma.

Saa tatu za babu hazitarudi, nimeshakubali. Hadidiski iliyokufa ipo, baba kaifunga kwenye gazeti kaweka juu ya kabati, anasema labda siku moja. Hizi dakika kumi na moja nimezisikiliza mara nyingi kuliko ningesikiliza saa tatu. Anaelezea ntumba, anakohoa, kuni zinasikika zinapasuka. Karibu na mwisho anaacha Kifipa ananiuliza kwa Kiswahili, maana alijua mimi mtoto wa siku hizi: "Hicho kisimu bado kinakula?" Namjibu, "Kinakula babu." Anaendelea.

Haya wadau. Mwenye risachi aitume kwa rafiki yake leo, siyo kesho. Mwenye bibi au babu ajue la kufanya.

Naomba kuwasilisha.